Jongoo wa Bamburi na Bustani Zetu

Mabibi na mabwana, walionisikia mwaka jana wataniwia radhi, kwa kuwa nitayarudia yale yale. Mwenye kiwanja Mombasa hung'oa mkwaju uliomkuta pale, akaleta udongo kwa lori, akatandaza nyasi zinazotaka maji kila jioni, katika mji ambao wengi wetu tunanunua maji kwa mtungi kutoka mkokotenini. Kisha huita hiyo bustani.

Nawarudisha Bamburi, kaskazini mwa mji wetu. Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kuotesha miti katika timbo la kiwanda cha saruji, alikuta sakafu ya mawe ya matumbawe, isiyo na udongo, na chini yake kidogo maji ya chumvi. Kati ya aina 26 za miti alizojaribu, zilizosalimika ni 3 tu, mmojawapo mvinje, ambao vijidudu vya mizizini mwake huupatia naitrojeni kutoka hewani. Mwingine angeridhika hapo. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakarundikana bila kuoza, kwa sababu ya tanini iliyomo, kemikali chungu inayozuia kuoza, na mti ukawa hauna cha kuirudishia ardhi. Ndipo wakaletwa jongoo wenye miguu myekundu, hao hao mnaowafagia barazani. Wakayala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Udongo ule haukuja na lori!

Namwona mwenzetu wa nyuma akitikisa kichwa, kwamba kampuni ya saruji ilikuwa na fedha. Jongoo mmoja ni shilingi ngapi, bwana? Kilichogharimu ni miaka ya kutazama na kungoja, na hicho hakimo katika mikataba yetu ya bustani.

Wamijikenda walitutangulia katika kutazama huko. Misitu yao mitakatifu iitwayo kaya, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, imehifadhiwa kwa miiko ya wazee; hata leo mgeni wa Kaya Kinondo, mmojawapo wa misitu hiyo, hufungwa kaniki kabla ya kuingia.

Mikoko ya hori la Tudor, hapa Mombasa, niliiandalia nusu saa nzima, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme tu kwamba anayeikata ili aone bahari anakata pia mazalio ya samaki. Sasa nakaribisha maswali, ila anayetaka kuzitetea nyasi aanze kwa kututajia bili yake ya maji.