Mtoto Akisema "Mato"

Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya kamati ya maandalizi ya kongamano la taifa la wataalamu wa tiba ya usemi na lugha

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, walimu, wauguzi, na nyinyi wenzangu mliovuka kutoka Mokowe, kule bara, asubuhi hii na chumvi ingali nguoni, karibuni Amu.

Najua mnasubiri habari za mahali na tarehe. Nitafika huko. Kwanza niruhusuni niwaeleze habari ya mtoto mmoja.

Mama mmoja alinijia na faili. Familia ilikuwa imehamia mji wa mbali kwa kazi ya baba, na huko mvulana wao wa miaka minne akapimwa usemi katika kliniki moja. Nikafungua fomu. Picha ya jicho: mtoto kasema "ito". Macho mawili: "mato". Njia: "ndia". Maji: "mai". Mtu anayecheka: "anateka". Kila jibu lilikuwa na alama nyekundu ya kosa, na chini imeandikwa kwamba mtoto ana tatizo la matamshi, ahudhurie tiba kila wiki.

Nilianza kuisoma fomu ile kwa sauti, nikanyamaza katikati. Nilikuwa namsikia bibi yangu, Mungu amrehemu. Hakuna neno hata moja pale ambalo yeye asingelitamka vivyo hivyo. Mama yule akaniangalia akasema, "Mwanangu, mato yana kosa gani? Kwetu sote hunena hivi."

Mtoto alikuwa mzima. Alikuwa anasema Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu. Lakini muhula mzima alikuwa amesahihishwa, na aliporudi kwao likizo hakutaka kumjibu babu yake. Alitikisa kichwa tu. Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma hadi leo: tiba iliyokuja kumfungua mtoto ulimi ndiyo iliyomfunga.

Msidhani ni mambo ya Lamu peke yake. Nendeni Malindi, mtoto wa Kigiriama atawaambia "matso" na "madzi", naye ataanguka mtihani uleule. Lakini mtoto wa Lamu akisema "mako" mahali pa "mato", hapo nashtuka, kwa sababu hata bibi yake hatamwelewa. Hicho ndicho kipimo cha kwanza: usemi wa mtoto hulinganishwa na wa wale wanaomlea. Haulinganishwi na kadi iliyochapwa London.

Tena vipimo vingi tulivyofundishiwa vilitungwa kwa Kiingereza. Vinasikiliza kwa makini konsonanti ya mwisho wa neno, ilhali maneno yetu karibu yote huishia kwa vokali. Havina habari na jinsi maneno "ng'ombe" na "mbwa" yanavyoanza. Havijui kwamba mtoto mwenye shida ya lugha anaweza kutamka kila sauti sawasawa, kisha akasema "kikombe yangu imevunjika" katika nyumba ambayo kila mtu husema "changu kimevunjika". Upatanisho ule ndio uti wa mgongo wa Kiswahili, na kipimo cha Kiingereza hakina pa kuuonea.

Basi ombi langu kwa kamati: kabla ya kukodi ukumbi, tuamue lugha ya kongamano. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwito wa mada utoke kwa lugha zote mbili, na anayetaka kuwasilisha kwa Kiswahili asionekane kana kwamba kaja na mada ya daraja la pili. Asubuhi ya siku ya kwanza isiwe ya hotuba za wakubwa. Iwe ya kusikiliza. Tulete sauti za watoto wa miaka mitatu zilizorekodiwa kwa idhini ya wazazi wao, kutoka pwani na bara. Tukae tuzisikilize, na wazazi wawe pale watuambie lipi ni kosa na lipi ni lugha ya kwao.

Siku ya pili tuingie jikoni, nami sisemi mafumbo. Wengi wetu tunawahudumia watu waliopata kiharusi, na taabu yao si kusema tu, ni kumeza. Tunamwambia mke wa mgonjwa, "Mpe uji mzito." Mzito kiasi gani? Kuna kipimo cha kimataifa chenye ngazi kuanzia 0 hadi 7, na kwa vinywaji kinahitaji bomba la sindano la mililita 10 tu, bila sindano yenyewe. Unaziba tundu kwa kidole, unajaza uji hadi 10, unaachia, unahesabu sekunde kumi, unaziba tena. Ikibaki chini ya mililita 4 ni mwepesi mno kwa yule aliyeagizwa ngazi ya 2. Ikibaki kati ya 4 na 8, hiyo ndiyo ngazi ya 2. Nataka kila mshiriki aondoke ameupima uji wa mtama, uji wa wimbi na tui la nazi kwa mkono wake, ukiwa moto na ukiwa umepoa, maana uji ukipoa hubadilika.

Jambo jingine, na hili sitalilegezea kamba. Mwenye kigugumizi akisimama kuwasilisha, mwenyekiti asimgongee kengele. Apewe muda wake mara mbili, na uandikwe hivyo kwenye ratiba tangu mwanzo, asijione anafadhiliwa. Wakalimani wa Lugha ya Ishara wawe wawili kila chumba, wapokezane. Mmoja hawezi kubeba siku nzima.

Sasa mahali. Mimi ni mtoto wa hapa, na moyo wangu ungependa tukutane uani mwa Ngome. Lakini mwenye kiti cha magurudumu atashukaje botini Mokowe maji yakiwa yametoka? Atapitaje vichochoro vyetu na ngazi zake? Kongamano letu haliwezi kumwacha gatini mtu tuliyemwita. Malindi barabara inafika mlangoni, na uwanja wa ndege uko karibu. Naunga mkono Malindi, kisha atakayeweza apande siku moja zaidi aje Amu kusikiliza.

Kuhusu tarehe, ningependa Oktoba 22, siku ya kimataifa ya kigugumizi, lakini walimu wakati huo wamo katika mitihani, na bila walimu tutakuwa tunazungumza peke yetu. Likizo ya Agosti inawafaa. Tuangalie tu isigongane na Maulidi ya mfungo sita, maana wiki ile Lamu haina kitanda kilicho wazi.

Mama wa yule mvulana nimemwomba aje azungumze asubuhi ya kwanza, amekubali. Ameuliza swali moja, kama atalazimika kusema Kiswahili cha redio. Nimemwambia hapana. Naomba kamati iliandike hilo kwenye kumbukumbu za kikao hiki leo, kabla hatujaondoka.