Fedha za Kumpumzisha Mlezi: Zinaombwaje, Zinaishia Wapi

HAMISI: Karibuni tena wasikilizaji wetu popote mlipo. Leo tuna ujumbe kutoka Kentucky. Kuna kikundi cha akina mama Wakongo huko, na wengi wao wanauguza nyumbani: huyu ana mtoto mwenye kifafa, yule ana mama mkwe aliyepooza. Wamesikia serikali ya Marekani inatoa ruzuku ya kutafuta na kufundisha watu wa kumshikia mlezi zamu, naye apate kupumzika. Wanauliza fomu inajazwa wapi. Dada Neema?

NEEMA: Nianze na lile lisilopendeza, kaka. Ruzuku hiyo kikundi hakiombi chenyewe. Sheria yake inaitwa Lifespan Respite Care Act, yaani sheria ya kuwapumzisha walezi. Rais George W. Bush aliitia saini Desemba 2006, na anayepewa fedha ni idara ya serikali ya jimbo, ikishirikiana na muungano wa jimbo unaoshughulikia mapumziko ya walezi.

HAMISI: Basi wafunge faili?

NEEMA: Thubutu! Waende kwa huo muungano. Jimbo likishapata fedha linaweza kufanya kazi kupitia vikundi vilivyo karibu na watu. Halafu jimbo linatakiwa lichangie asilimia 25 ya gharama, na si lazima iwe fedha taslimu. Ukumbi wa kanisa, saa za mtu anayejitolea, vyote vinaweza kuthaminiwa vikaingia kwenye hesabu. Sasa akina mama hawa wamekosa nini? Ukumbi wanao, watu wanao. Wasiende kama waombaji, waende na mchango mkononi.

HAMISI: Na fungu lenyewe ni nono?

NEEMA: Weee! Sheria ni ya 2006, fedha za kwanza zimekuja 2009: takriban dola milioni 2.5 kwa mwaka, nchi nzima. Kufikia 2023 zilikuwa zimepanda hadi milioni 10. Sasa walezi wa familia Marekani mwaka 2020 walikadiriwa kuwa milioni 53.

HAMISI: Ngoja nipige hesabu... hata senti ishirini kwa kichwa haifiki!

NEEMA: Ndiyo maana fedha hizi wanazielekeza kwenye kuandaa watu. Lakini hapo ndipo nina ugomvi nao. Ruzuku inamtafuta mtu, inamfundisha, inamlipia alama za vidole za kuchunguza kama ana rekodi ya uhalifu, anapata cheti. Ujira wake wa kila saa mara nyingi unatoka mfuko mwingine, kama Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na kiwango kinapangwa na jimbo. Kikiwa cha chini, yule uliyemfundisha unamkuta ghala la mizigo mwezi unaofuata. Halafu ripoti inasema wamefundishwa watu kadhaa, makofi.

HAMISI: Lakini Washington walijaribu kuziba hilo. Sheria ya Machi 2021 iliongezea majimbo asilimia 10 kwenye mchango wa serikali kuu kwa huduma za nyumbani za Medicaid, na majimbo mengi yakatumia hizo kwa mishahara, bonasi na mafunzo.

NEEMA: Kwa mwaka mmoja, kaka. Aprili 2021 mpaka Machi 2022. Bonasi ukishaila, imeisha.

HAMISI: Haya. Mafunzo yenyewe yana nini? Maana kwetu mtu anasema, "Mimi nimelea wadogo zangu sita, unifundishe nini?"

NEEMA: Kulea anajua, sibishi. Ila nikuulize: mtoto akianguka kifafa, shangazi yako anakimbilia nini?

HAMISI: Kijiko. Anamtia mdomoni asijing'ate ulimi.

NEEMA: Umeona? Usimtie chochote mdomoni, utamvunja meno au atapaliwa. Mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Dakika 5 zikipita bado anatetemeka, piga 911. Na yule bibi aliyepooza: kumgeuza mara kwa mara asipate vidonda, na usimvute kwenye shuka, ngozi inachubuka. Mambo haya humfundishi mtu kwa kipeperushi. Yapo masomo ya bure mtandaoni kwa wanaotaka kazi hii, ni mazuri, lakini kugeuza mgonjwa kunataka kitanda na mtu anayekusimamia.

HAMISI: Na kunataka lugha. Mama anayezungumza Kiswahili cha Bukavu, ukimletea mtu wasiyeelewana, hatoki nyumbani hata umlipie.

NEEMA: Atatoka mpaka kwenye gari, akae humo humo akichungulia dirisha! Ndiyo maana mimi ningewaambia: msitangaze kazi mtaani. Fundisheni watu ambao familia zinawaamini tayari, yule binti wa kwaya, yule jirani wa ghorofa ya chini. Na yapo majimbo yanayotoa vocha, familia inajichagulia mtu wa kumlipa. Ulizeni kama jimbo lenu linayo.

HAMISI: Hapo sikubaliani nawe sana. Binti wa kwaya leo yupo, kesho ameolewa Texas. Mimi ningechanganya, nusu wawe wale wanaofanya kazi nyumba za wazee, wameshazoea. Isitoshe, anayekujua sana siri za nyumba anazipeleka kanisani.

NEEMA: Hilo la siri nakupa, liwekwe kwenye mafunzo siku ya kwanza. Lakini wa nyumba za wazee wanapiga zamu mbili tayari. Jumamosi utampata saa ngapi?

HAMISI: Tutabishana mpaka kesho. Wakikaa kuandika bajeti, waweke nini?

NEEMA: Mkufunzi, alama za vidole, mafunzo ya huduma ya kwanza. Posho ya kukaa darasani, maana anayekuja ameacha zamu ya kulipwa.

HAMISI: Na nauli.

NEEMA: Na nauli. Na mtu wa kushika wagonjwa siku hiyo ya mafunzo, kwa sababu nusu ya watakaojiandikisha ni walezi wenyewe.