Muulizeni Angali na Kauli

Wazee wangu, mama zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa niseme kwa Kiswahili kwa kuwa hapa Hoima leo tumechanganyika: wenyeji wa Bunyoro, ndugu zetu Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, askari wastaafu. Sitagusa wosia wa mashamba. Nataka ukurasa mmoja tu katika lile daftari la shule tunaloendea nalo kliniki, uandikwe mgonjwa anataka atendewe nini siku zake za mwisho.

Saratani ikishakomaa, usiku mmoja pumzi hubadilika na mgonjwa hasemi tena. Mama aliyemuuguza mwaka mzima yuko kimya pembeni. Kijana aliyeshuka basi la Kampala jioni hiyo ndiye anayeamuru gari liitwe, apelekwe hospitali. Simlaumu, ana uchungu wa kutokuwepo. Lakini anaamua jambo ambalo baba yake angelijibu mwenyewe mwezi uliopita.

Marekani, jimbo la Oregon, walianza kulishughulikia hili mwaka 1991. Wakatunga fomu ya rangi ya waridi: agizo la tabibu, lenye saini, ambalo watu wa ambulensi wakilikuta hulifuata. Hujibu maswali haya: moyo ukisimama, kifua kikandamizwe ili uamke? Apelekwe hospitali, au atulizwe palepale alipo? Hizo rangi tuwaachie wao. Sisi daftari tunalo. Mgonjwa aulizwe mbele ya jamaa, tabibu aandike, atie saini na tarehe. Akibadili mawazo, agizo linafutwa, linaandikwa jingine.

Namwona mama pale anatikisa kichwa: si tumemtupa? Hapana, mama. Kifua cha mtu aliyemalizwa na saratani ukikikandamiza unaweza kuvunja mbavu, na moyo kuamka ni nadra sana. Dripu za siku za mwisho nazo zinaweza kumwongezea uvimbe na mkoromo. Mofini ya maji ndiyo haikatizwi. Inatuliza maumivu, inapunguza hata kule kuhema kwa shida. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza wagonjwa wasiopona, mwaka 1993, na dawa hiyo inachanganywa hapahapa nchini. Tangu 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kazi hii wanaruhusiwa kuiandika. Basi anyweshwe dawa, ageuzwe, aoshwe, midomo ilowanishwe. Huko ndiko kumtupa?

Na yule kijana apigiwe simu siku hiyohiyo ya kuandika, amsikie baba yake kwa masikio yake. Daftari likae juu ya kabati, msilifiche chini ya godoro. Usiku ule nani atamnyanyua mgonjwa alitafute?