Miaka Kabla ya Jina

Hamjambo nyote. Wazazi, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kuja hapa Kaloleni, Nairobi, Jumamosi mchana, saa ambayo wengi wenu mngekuwa mnafua nguo au mko soko la Burma mnatafuta nyama ya Jumapili. Nilipoalikwa kuzungumza kuhusu disleksia, ile hali inayomfanya mtu mwenye akili zake apate taabu kusoma, niliomba jambo moja: mzazi mwenye mtoto anayesumbuka kusoma aje na daftari lake. Nayaona mengi mapajani. Yafungeni kwanza, tutayafikia.

Nimefundisha shule za msingi hapa Eastlands miaka thelathini na mmoja. Mwaka 1994 nilikuwa na darasa la nne lenye watoto hamsini na tatu, na kati yao mvulana mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Ukimsimulia hadithi Jumatatu, Ijumaa anakurudishia yote, hata jina la mbwa aliyetajwa mara moja. Hesabu za kichwa alizijibu kabla sijamaliza swali. Lakini mpe kitabu uone: alikuwa kama mtu anayevuka mto usiku, anapapasa jiwe moja moja kwa mguu. Neno alilolisoma ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili lilikuwa geni. "Kitabu" akasema "kitambaa", "ndipo" akasema "ndiyo". Aliona herufi za mwanzo, zilizobaki akakisia.

Nilimsimamisha mbele ya darasa asome kwa sauti, siku baada ya siku, nikidhani aibu itamsukuma. Wenzake walicheka, nami nikawaacha wacheke. Kwenye ripoti yake ya muhula niliandika kwamba ana akili ila ni mvivu. Mama yake aliamini, kwa kuwa chini palikuwa na sahihi ya mwalimu. Darasa la saba akaacha shule.

Mwaka 2016 nilimkuta Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Alikuwa akikunja bati, anatengeneza yale masanduku ambayo watoto wetu hubeba wakienda shule za bweni. Hakuwa na mchoro mbele yake. Vipimo vyote viko kichwani, na kila kona ilikutana na mwenzake sawasawa. Alinisalimu shikamoo mwalimu, akanitafutia kigoda. Nilipomuuliza kuhusu kusoma alisema herufi bado zinamkwepa. Matatu hupanda kwa kusikiliza kondakta akiita, na wateja wake wa nje ya mji humtumia ujumbe wa sauti. Hakuna aliyewahi kumpima, kwa hiyo sisemi kwamba ana disleksia. Nasema tu kwamba ni yeye aliyenifanya nianze kulisoma jambo hili, na ninayowaambia leo nilipaswa kuyajua mwaka ule wa 1994.

Jina lenyewe, disleksia, lilitungwa na daktari wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, aliyelichapisha mwaka 1887. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, akaandika katika jarida la madaktari wa huko habari za mvulana wa miaka kumi na minne aliyeitwa Percy. Percy alikuwa na macho mazima na akili nyepesi, michezoni hakupitwa na mtu, ila kusoma kulimshinda. Mwalimu wake alimwambia daktari kwamba laiti masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy ndiye angeongoza shule nzima. Niliposoma sentensi hiyo nilikiweka kitabu chini. Mwalimu wa mwaka 1896 aliona nilichoshindwa kuona mimi miaka tisini na minane baadaye.

Shida iko katika sauti. Tunaposema "mama" tunasikia kitu kimoja, lakini msomaji lazima alivunje neno hilo vipande, kila kipande akifunge na herufi yake, kisha aviunge tena, yote kwa kufumba na kufumbua. Ubongo wa mwenye disleksia hupata taabu kwenye kuvunja na kufunga huko. Haihusiani na akili ya mtu, wala malezi, wala umaskini. Inapita katika damu: mzazi akiwa nayo, mtoto ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo. Makadirio mengi yanaiweka kati ya watoto 5 na 10 katika kila 100. Chukueni darasa langu la watoto hamsini na tatu mkalihesabie wenyewe.

Sasa nije kwa watu mashuhuri, maana tangazo liliwaahidi hao. Naomba katika kila maisha tuhesabu kitu kimoja: ilipita miaka mingapi kabla ya mtu kuipa shida yao jina.

Jackie Stewart ni Mskoti, bingwa wa dunia wa mbio za magari za Formula One mara tatu, 1969, 1971 na 1973. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitano, baada ya kuitwa mjinga na walimu hadi akaamini. Alfabeti hakuweza kuisema mpaka mwisho. Lakini ile barabara ya zamani ya mashindano ya Nürburgring, Ujerumani, ambayo yeye huihesabu kuwa na kona 187, anaijua yote kwa moyo: wapi unafunga breki, wapi unabadilisha gia. Kichwa kinachobeba kona 187 kiliitwa kitupu. Alipata jina la shida yake mwaka 1980, akiwa na miaka arobaini na mmoja, na si kwa sababu mtu alimshughulikia yeye. Mwanawe ndiye aliyekuwa akipimwa. Baba akasikiliza maswali anayoulizwa mtoto, akajitambua. Bingwa wa dunia mara tatu, na kwa kauli yake mwenyewe alihisi kama mtu aliyeokolewa asizame.

Benjamin Zephaniah, mshairi wa Uingereza, alizaliwa Birmingham mwaka 1958, mama Mjamaika, baba wa kutoka Barbados. Alitoka shuleni akiwa na miaka kumi na mitatu, hajui kusoma wala kuandika. Mashairi alikuwa nayo tayari, mdomoni. Sisi hilo linatupasa kulielewa kuliko Waingereza, kwa kuwa malenga wetu walighani kabla ya kushika kalamu, na hakuna aliyewaambia si washairi. Zephaniah alijulikana kuwa na disleksia akiwa na miaka ishirini na mmoja, alipokwenda kujifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Miaka minane toka aondoke shuleni. Baadaye aliandika vitabu vya mashairi na riwaya za vijana ambazo sasa husomwa katika shule zilezile za nchi iliyoshindwa kumfundisha. Alifariki Desemba 2023.

Carol Greider, mwanasayansi wa Marekani, aliwekwa utotoni katika darasa la wanaosaidiwa tahajia, akajiona mpumbavu. Kwa kuwa hakuweza kulitamka neno kwa kuunga sauti zake, aliyakariri maneno mazimamazima, akawa hodari wa kukariri. Alipoomba kusomea shahada ya uzamivu, alama za mtihani wa kuingilia zilimwangusha, na ni vyuo viwili tu vilivyomwita kwa mahojiano. Kimojawapo kilikuwa Berkeley, California. Huko, siku ya Krismasi mwaka 1984, aliona katika maabara dalili ya kwanza ya telomerasi, kimeng'enya kinacholinda ncha za kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli. Mwaka 2009 alipata tuzo ya Nobel pamoja na mwalimu wake, Elizabeth Blackburn, na Jack Szostak. Nawaza kuhusu vile vyuo vingine vilivyotazama alama tu. Nawaza pia kuhusu sisi, jinsi tulivyoishi na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kuanzia 1985 hadi 2023, asubuhi chache za mtihani zikikata njia ya mtoto.

Wa mwisho nitakayemsimulia kwa kirefu ni mwanasayansi Jacques Dubochet wa Uswisi, Nobel ya Kemia 2017. Yeye ameandika katika wasifu wake kwamba mwaka 1955 alikuwa mtu wa kwanza kutambuliwa rasmi kuwa na disleksia katika jimbo la Vaud. Alizaliwa 1942. Pigeni hesabu: jina lilimfikia akiwa bado mtoto! Alama zake ziliendelea kuwa mbaya kwa muda, hilo hafichi, lakini watu wazima waliomzunguka walijua wanatazama nini. Stewart alingoja hadi arobaini na moja. Steven Spielberg, mtengenezaji filamu, alingoja hadi sitini. Percy wa 1896 hata jina la familia yake hatunalo.

Mtanisikia sijamtaja Einstein. Kila bango la disleksia lina picha yake, lakini alikufa 1955 bila kupimwa, na hatuhitaji kumwazima. Na jambo jingine ninalolikataa ni kumwambia mtoto kwamba disleksia ni kipaji. Richard Branson, mfanyabiashara wa Uingereza, ana disleksia na ni bilionea. Hadi miaka hamsini hivi hakuielewa tofauti ya faida ghafi na faida halisi, mpaka mtu kikaoni akamchorea bahari, wavu, na samaki walionaswa ndani yake. Ni habari nzuri. Lakini Branson alipoacha shule na miaka kumi na sita alikuwa na nyumba ya kurudi na wazazi wenye uwezo. Mtoto wa mtaa wa mabanda wa Kiambiu akiacha shule na miaka kumi na sita, hakuna anayemchorea samaki.

Kuna jambo letu wenyewe ambalo vitabu vya Ulaya havituambii waziwazi. Kiswahili kimeandikwa kwa uaminifu. "Ba" ni "ba", iwe kwenye baba, baiskeli au kibanda. Kiingereza hakina uaminifu huo; chukueni maneno matatu, though, through na tough, mwone herufi zilezile zinavyogeuka mdomoni. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Eraldo Paulesu walilinganisha wanafunzi wa vyuo wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano kina sauti 25 zinazoandikwa kwa njia 33. Kiingereza kina sauti 40 hivi, na njia za kuziandika zinapita 1,100. Waitaliano walisoma vizuri kuliko wenzao, lakini picha za ubongo zilionyesha udhaifu mahali palepale kwa wote.

Maana yake Nairobi ni hii. Mtoto anaweza kusoma Kiswahili bila makosa mengi, ila polepole, polepole mno, na sisi tukasema anajua kusoma. Halafu anafika gredi ya nne, masomo karibu yote yako kwa Kiingereza, anaanguka, tunasema amepata marafiki wabaya. Kwa hiyo msihesabu makosa peke yake. Shikeni saa. Mtoto anayesoma aya moja ya Kiswahili mara tatu ya muda wa wenzake ameshawaambia jambo.

Pa kwenda papo. Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iko Kasarani, na hupima watoto. Kuna pia vituo vya tathmini, EARC, ambavyo nchi hii imekuwa navyo tangu 1984. Ulizeni afisa wa elimu wa eneo lenu. Wakati mnangoja, mfundisheni sauti kabla ya herufi. Pigeni makofi kwa kila silabi. Aandike kwa kidole kwenye mchanga au unga huku akitamka. Kidogo kila siku, dakika kumi na tano, bila hasira. Msomeeni swali la sayansi kwa sauti, kwa kuwa swali hilo linapima sayansi. Na walimu, msimsimamishe mbele.

Baba mmoja aliniambia pale mlangoni kwamba amemleta mtoto lakini daftari hakulibeba, kwa kuwa hata yeye hawezi kujua limeandikwa nini. Baba, nitakaa na wewe kwanza, kama alivyokaa Stewart kando ya mwanawe. Mimi sina cheti cha kupima. Ninachoweza ni kuwaambia nani aende Kasarani Jumatatu. Nitakuwa kwenye meza ile ya dirishani hadi saa kumi na mbili. Sasa fungueni madaftari.