Kurudi Angani Baada ya Kustaafu: Kompyuta Gani Inatosha?

Mhadhara kwa wastaafu wapenda ndege, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, kaka zangu na dada zangu, na ninyi wazee mliotutangulia kustaafu: shikamooni. Vijana mliowasindikiza wazazi wenu, karibuni sana, maana nanyi nina kazi ya kuwapa kabla hatujamaliza.

Nimeombwa nizungumzie kompyuta. Nitaizungumzia, lakini nitaanza na ndege, kwa sababu mstaafu anayeanzia dukani ndiye anayepoteza fedha. Muuzaji akisikia tu kwamba unataka simuleta ya ndege, yaani programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege, anakupeleka kwenye mashine ya bei kubwa kuliko zote, ile yenye taa za rangi ndani. Mashine hiyo ilitengenezewa kijana anayecheza michezo ya kupigana risasi. Sisi tunataka kuondoka Dar asubuhi, tuvuke bahari, tutue Unguja. Hayo ni mahitaji mengine kabisa, na kiinua mgongo ni kimoja tu.

Hoja yangu leo ni hii: kwa kurusha ndege, kompyuta ya ofisi iliyotumika, ikichaguliwa kwa makini na kuongezewa kadi moja ya picha, kile kifaa kinachochora picha za skrini, inatosha. Fedha itakayobaki iende kwenye macho yako na mikono yako.

Nieleze kwa nini. Picha ya kwenye skrini ni fremu nyingi zinazofuatana. Mpiga risasi anataka fremu 144 kwa sekunde, hata zaidi, kwa sababu adui akichomoza lazima amwone kabla hajaonwa. Rubani haoni kitu kinachochomoza hivyo. Upeo wa macho unasogea taratibu, njia ya kurukia inakua polepole mbele yako. Sinema yenyewe, kwa miaka mingi sana, imekwenda kwa fremu 24. Ukipata fremu 30 zisizoyumba, unatua vizuri kabisa. Kinachoharibu mtuo ni kukwamakwama: 50, halafu 18, halafu 45. Kwa hiyo fungua mipangilio, weka kikomo cha fremu 30, uiache mashine ipumue. Mpangilio huo mmoja unaweza kukuepusha na gharama ya kadi mpya.

Tena sikilizeni hili, maana watu wengi hawalijui. Uhalisia wa ndege haukai kwenye picha. X-Plane, moja ya simuleta hizo, hulikata bawa katika vipande vidogo na kukokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande. Ukipunguza miti, vivuli na mawingu, hesabu hiyo haipungui hata kidogo. Nenda Wilson pale Nairobi, uwanja ulio karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, upaishe Cessna 172 iliyojaa mafuta na abiria. Utaona inavyoila njia ya kurukia kabla haijainuka, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Utaliona hilo kwenye skrini ya bei ndogo sawasawa na kwenye skrini ya tajiri.

Sasa, wengi wetu tuliacha lini? Nikitazama nywele za humu ndani, nadhani wengi tuliishia toleo la simuleta ya Microsoft, Flight Simulator, lililotoka 2003, lile lililokuja na CD 4, au lile la 2006. Kisha Januari 2009 Microsoft wakaifunga studio iliyokuwa ikitengeneza simuleta hiyo. Tukawa na kazi, watoto, ujenzi wa nyumba. Tarehe 18 Agosti 2020 wakarudi kwa kishindo, safari hii wakiwatumia Asobo, studio ya Bordeaux, Ufaransa. Ukirudi leo utakuta mabadiliko makubwa. Zamani dunia yote ilikaa kwenye CD. Sasa sehemu kubwa ya ardhi unayoiona, picha za kutoka juu na milima yake, inakufikia kwa intaneti wakati unaruka.

Hapo ndipo bando linapoingia kwenye hesabu, na kwetu sisi bando ni hesabu ya kila mwezi. Toleo la 2020 linapendekeza kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, na lile lililofuata, la 2024, linapendekeza 50. Kama nyumbani una intaneti isiyo na kikomo, vizuri. Kama unanunua bando la simu, lile la 2020 lina sehemu ya kuwekea kikomo cha data, na unaweza kuhifadhi mapema eneo unalopenda kuruka. La 2024 linategemea intaneti zaidi, na mimi simshauri nalo mtu wa bando. Mwenye bando dogo namwelekeza X-Plane 12, ambayo ukishaipakua na kuiweka unaruka hata intaneti ikiwa imezimwa. Asiyetaka kulipia programu kabisa, iko FlightGear, inayotengenezwa na watu wanaojitolea tangu 1997. Ni ya bure moja kwa moja. Uzuri wa picha haufikii hizo nyingine, lakini ndege inaruka kweli.

Halafu jiulize unataka kurusha nini, na wapi. Kutua na ndege kubwa ya abiria London Heathrow, majengo yote yale na ndege nyingine zimepanga foleni, huitesa hata kompyuta ya ghali. Lakini ukiichukua Cessna Caravan, hii hii tunayoiona kila siku ikienda Mafia na Zanzibar, ukaipeleka Mtwara au Songea, kompyuta inafanya kazi ndogo. Anga letu ni jepesi kwa mashine: bahari, mashamba, misitu, uwanja mmoja wenye majengo machache. Mstaafu wa huku ana neema ambayo mwenzake wa New York hana.

Na wapo humu watu wa East African Airways. Shirika lile lilianza 1946 likafa 1977, na DC-3 ilikuwa moja ya ndege zake. Basi mjue kwamba Novemba 2022, Microsoft walipoadhimisha miaka 40 ya simuleta yao, waliiongeza DC-3 kwenye toleo la 2020 bila malipo. Mzee wangu uliyekaa pale mbele, unaweza kuiwasha injini ya kushoto tena.

Haya, twende kwenye mashine.

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba utazikuta Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zilizotoka maofisini Ulaya na Dubai. Ni mashine imara. Cha kwanza kusoma ni jina la prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Namba inayofuata kistari ndiyo inayokupa kizazi: i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-8500 ni cha 8, i5-12400 ni cha 12. Usishuke chini ya kizazi cha 8. Sababu ni tatu na zote zinaangukia pale pale. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaanzia kizazi cha 8 kwa prosesa za Intel. X-Plane 12 nayo inaomba kizazi cha 8 kwenda mbele. Na toleo la 2020 la Microsoft, kwenye orodha yake ya mahitaji yanayopendekezwa, siyo ya chini, limeandika i5-8400 na ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 16. Kwa hiyo mashine ya ofisi yenye i5-8500, ambayo ofisi ya watu imeiondoa kama kuukuu, inakidhi kabisa sehemu hiyo.

Msidanganywe na wingi wa viini, zile sehemu za ndani ya prosesa zinazofanya hesabu. Muuzaji atakuonyesha mashine ya zamani ya seva, akwambie ina viini 16. Simuleta ya ndege hutwika kiini kimoja mzigo mkubwa kuliko vingine. Viini 6 vyenye kasi vinavishinda 16 vizito.

Cha pili ni umbo la kasha. Mashine zile zile huuzwa katika maumbo matatu: mnara mpana, jembamba la kulaza mezani, na lile dogo kama kitabu. Chukua mnara. Jembamba linapokea kadi yenye kimo kifupi tu, na lile dogo kwa kawaida halipokei kadi ya picha kabisa. Watu wanalinunua hilo dogo kwa sababu linapendeza, halafu hakuna la kufanya.

Cha tatu ni kadi yenyewe, na hapa naomba muandike. Kompyuta za ofisi zina pawa saplai, kisanduku kinacholisha mashine umeme, iliyo ndogo, na mara nyingi haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Sehemu ya kuchomekea kadi kwenye ubao mkuu inatoa hadi wati 75. Kwa hiyo tafuta kadi isiyovuka hapo. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mapema 2024, hutumia wati 70. Angalieni sana namba ya GB: ipo RTX 3050 nyingine ya GB 8, hiyo inataka wati 130 na waya wake. Jina moja, kadi mbili tofauti. Fedha ikibana, GTX 1650 ya GB 4 nayo ni ya wati 75. Utapunguza mapambo zaidi, lakini utaruka. Na kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aonyeshe kwamba kadi haina tundu la waya juu yake, kwa sababu wapo watengenezaji wanaoiongezea.

Ramu iwe GB 16, na iwe vipande viwili vya 8, maana viwili hufanya kazi sambamba. Hifadhi iwe SSD, ile isiyo na diski inayozunguka, GB 500 kwenda juu. Toleo la 2020 peke yake linaomba GB 150. Diski ya kuzunguka msiikubali, hata akikupa bure.

Kuhusu kompyuta mpakato: kama unaishi mara kwa huyu mwanao, mara kwa yule, sikukatazi. Lakini joto la pwani linaichosha, na kadi ya picha ya mpakato, hata ikiwa na jina lile lile, huwa na nguvu pungufu kuliko ya mezani.

Nimefika kwenye macho. Msinunue skrini ya 4K. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli, yaani nukta za picha, kama milioni 2, ya 4K ina zaidi ya milioni 8, kwa hiyo kadi inachora mara nne. Chukua inchi 27 ya kawaida, isogeze, na mweleze daktari wako wa macho umbali unaokaa nayo akupimie miwani ya umbali huo. Miwani ya kusomea ni ya karibu zaidi, na saa za ndege zinageuka ukungu.

Mikono: joistiki, fimbo ya kuongozea ndege, inayopindika shingo yake inakupa usukani wa mkia bila pedali. Logitech Extreme 3D Pro inafanya hivyo na ina kitelezi cha nguvu ya injini. Mwenye mkono wa kulia uliochoka, Thrustmaster T.16000M inaweza kupangwa kwa mkono wa kushoto. Pedali za miguu zinaweza kungoja. Bila joistiki, kwa kipanya na kibodi, hakuna raha yoyote, kwa hiyo hiyo isikatwe kwenye bajeti.

Umeme. Nunua UPS, kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika, na usome wati, siyo VA, ile namba kubwa zaidi inayoandikwa juu yake. UPS iliyoandikwa VA 650 mara nyingi hubeba kati ya wati 325 na 400, na mashine niliyoieleza pamoja na skrini yake haifiki 250. Umeme ukikatika unapata dakika za kuhifadhi na kuzima salama.

Kuna swali kutoka nyuma. Mama anauliza kuhusu Xbox, mashine ya michezo ya Microsoft, ya mjukuu.

Ahsante mama, ni swali zuri. Toleo la 2020 liliingia Xbox Series X na Series S tarehe 27 Julai 2021, na linaruka vizuri hata kwenye ile ndogo, Series S. Kama mjukuu anayo tayari, anzia hapo, usinunue kitu. Ila joistiki lazima iwe inayokubaliana na Xbox, X-Plane hutaipata humo, na intaneti lazima iwepo.

Mwingine anauliza kama mashine hii itaweza toleo la 2024. Itafungua, kwa mapambo ya chini. Kwa raha, lile linapendekeza ramu ya GB 32 na kadi ya kiwango cha RTX 2080. Huko usiende kwa fedha ya mafao. Baki na la 2020 au X-Plane.

Sasa ninyi vijana, kazi yenu hii hapa. Chukueni diski ya nje, pakueni FlightGear na X-Plane ya majaribio, zote hazilipiwi. Mwende na mzee dukani. Kabla fedha haijatoka, mwombeni muuzaji aziweke kwenye mashine ile ile mtakayoinunua, kadi ikiwa ndani. Mzee akae, arushe nusu saa nzima. Gusa kasha pembeni, sikiliza feni, tazama kama fremu zinashikilia 30. Muuzaji akikataa, duka la jirani liko wazi.