Wingu la radi ndilo wingu la tonado

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, hamjambo? Tangu msimu wa tonado, yaani nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi kutoka winguni hadi ardhini, uanze huku Marekani mmenitumia ujumbe mwingi mkiuliza huo upepo unatoka wapi hadi ung'oe nyumba. Tuanzie kwenye wingu.

Jua likichoma ardhi, hewa ya chini hupata joto na kupanda ikiwa imebeba mvuke. Juu inapoa, mvuke unageuka matone, na joto linalotoka hapo linaisukuma hewa izidi kupaa. Wingu linarefuka hata kupita kilomita 12. Humo ndani chembe nyepesi za barafu zinagongana na vipande vizito: nyepesi hupeperushwa juu zikiwa na chaji chanya ya umeme, vizito vinabaki chini na chaji hasi. Tofauti ikizidi mno, umeme unapasua hewa. Njia yake hufika nyuzi joto 30,000 hivi, mara tano ya uso wa jua. Hewa inatanuka ghafla, ndipo mnasikia ngurumo.

Hapa naomba mnisikilize sana. Radi haiui anayepigwa peke yake. Ikishuka kwenye mti, umeme husambaa ardhini, ndiyo maana ng'ombe waliojikinga chini ya mti mmoja huweza kufa wote kwa pigo moja. Kwa hiyo usikimbilie mti! Ingia nyumba imara au gari lenye paa la chuma, na ukae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Sasa tonado. Upepo wa juu ukiwa na kasi na mwelekeo tofauti na wa chini, hewa katikati yake huviringika kwa ulalo. Mkondo unaopanda huisimamisha wima, na wingu zima linaanza kuzunguka. Mawingu mengi ya namna hiyo hayazai tonado, lakini likizaa… Mei 22, 2011, mjini Joplin, Missouri, walikufa zaidi ya watu 150.

Wengi huumizwa na vitu vinavyorushwa: mbao, mabati, vioo. Wapo wanaoamini kwamba ukifungua madirisha nyumba haitapasuka. Si kweli, na mnapoteza muda wa kujiokoa. Shukeni ghorofa ya chini kabisa, chumba cha katikati kisicho na dirisha, mfunike vichwa.