Pilingi ya asidi kwa chunusi: ujue hatua zake kabla hujapakwa

Karibuni. Leo tunaangalia pilingi, yaani kupaka asidi inayobandua tabaka la juu la ngozi ili vinyweleo vilivyoziba vifunguke. Nakuonyesha ili ukiingia kliniki ujue unachofanyiwa. Usiagize chupa mtandaoni ukajipaka mwenyewe. Julai 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya watu wasitumie asidi kali za namna hii bila mtaalamu, kwa sababu zinaunguza.

Hatua ya kwanza ni mahojiano, na hapa sema ukweli wote. Una mimba? Aspirini inakudhuru? Umemeza isotretinoini, ile dawa kali ya chunusi, ndani ya miezi sita? Huwa unatokwa na malengelenge mdomoni? Halafu kuna mkorogo, ambao watu wengi wanauficha. Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi, na steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Asidi iliyotakiwa kuishia juu inazama ndani. Tafadhali, dada yangu, kaka yangu, mwambie daktari. Ngozi nyeusi ikiungua huacha doa linaloweza kukaa miezi mingi, na hapo utakuwa umebadilisha chunusi kwa madoa.

Hatua ya pili: kama wiki moja kabla, acha tretinoini (dawa ya chunusi ya kupaka), skrabu na kunyoa uso kwa nta. Omba upakwe kidogo nyuma ya sikio, usubiri siku mbili uone.

Sasa siku yenyewe. Uso umeoshwa, umefutwa kwa spiriti kutoa mafuta. Vaselini imepakwa pembe za macho, puani na midomoni. Tunatumia asidi ya salisiliki ya asilimia 20. Naipenda kwa chunusi kwa sababu inayeyuka kwenye mafuta, hivyo inaingia mpaka ndani ya kinyweleo. Tunaanza na paji la uso, mashavu, pua, kidevu. Macho yafumbwe, feni iwake. Itachoma kwa dakika chache, kisha itapoa.

Sogea karibu uone shavu hili. Huu unga mweupe ni chembe za asidi zilizobaki spiriti ilipokauka, na ukifuta unatoka. Weupe usiofutika ni hatari: asidi imezama, protini za ngozi zimeganda. Ukisikia maumivu makali, sema hapo hapo. Baada ya dakika tatu hadi tano tunaosha kwa maji ya baridi.

Kama ni asidi ya glaikoliki, lazima izimwe kwa wakati, kwa kawaida kwa maji ya baikaboneti. Anayekupaka bila saa mkononi, mkatalie. Mkatalie pia anayekuletea fenoli, kemikali kali inayozama ndani sana.

Nyumbani ngozi itabanduka siku kadhaa. Usiichune kwa kucha. Paka mafuta laini yasiyo na manukato, na kila asubuhi krimu ya kuzuia jua, SPF 30 au zaidi. Tretinoini isubiri mpaka ngozi itulie. Utarudi baada ya wiki mbili hadi nne, maana mara moja haitoshi. Majipu makubwa ya chunusi yanahitaji dawa za daktari.

Ukiona malengelenge, usaha, au maumivu yanaongezeka siku ya pili, rudi siku hiyo hiyo. Daktari atakuuliza asidi gani na asilimia ngapi, kwa hiyo kabla ya kulala kwenye kitanda cha kliniki, piga picha lebo ya chupa.